Upepo wa Nyongeza

Kaka yangu ana kazi ambayo shangazi zetu mpaka leo hawaielewi: kukisia upepo. Kila saa huwaambia wanaogawa umeme wa mji mitambo ya upepo kule kilimani itatoa kiasi gani saa chache zijazo. Kazini wanamwita Mnajimu.

Mkuu wa zamu wa hao wagawaji alikuwa mwoga kupindukia. Kila namba aliyopewa aliipunguza megawati thelathini, asije akaumbuka. Kaka naye, mkaidi tangu utotoni, akaanza kuongeza thelathini mapema. Miaka ikaenda hivyo, mmoja anatia chumvi, mwenzake anaitoa, na namba inayobaki ndiyo sahihi. Hawakuwahi kulizungumza. Kila mmoja alijiona mjanja.

Asubuhi moja mkuu yule akahamishwa ghafla, akaletwa mama mmoja mpole. Kaka hufanyia kazi jengo jingine, hakuambiwa. Akatuma namba pamoja na nyongeza yake. Mama yule akaipokea ilivyo, akaona upepo utatosha, akaagiza jenereta za akiba zizimwe. Mchana upepo ukalegea, kama kaka alivyojua utalegea. Umeme ukapungua, ikabidi mitaa kadhaa ikatiwe, wetu ukiwemo.

Mama yetu alikuwa akipumulia mashine ya oksijeni kando ya kitanda. Ikazima. Nikamfungulia mtungi wa akiba, nikampigia kaka.

"Utarudi sasa hivi," akasema. "Upepo unapanda tena."

"Mtungi una kidogo, kaka. Nimpeleke hospitali?"

Mama alisikia. Akanishika mkono.

"Acha kuhangaika, mwanangu. Kaka yako si ndiye anayeujua huo upepo? Akisema unarudi, unarudi."

Nikakaa. Nikamfuta jasho, nikawa natazama mshale wa mtungi ukishuka. Upepo ulipanda kweli, ila taratibu kuliko alivyosema. Mtungi uliisha kwanza. Taa zilipowaka mashine ikaanza kunguruma yenyewe, nami nikaichomoa.

Baada ya mazishi kaka alinifuata jikoni, akaniuliza kama mama aliogopa. Nina hasira naye, na ninampenda, na sikuona la kumficha.

"Hakuogopa hata kidogo. Alisema wewe ukisema unarudi, unarudi."

Akaweka mkono kwenye sinki.

"Bora ungeniambia aliogopa," akasema.