Vipimo Nilivyochukua Kliniki

Wasomaji, nawaungamia nikicheka. Mimi ni fundi cherehani wa Namakwekwe, hapa Mbale. Wiki iliyopita gari la matangazo lilisema wanawake wote waende kliniki kupimwa matiti bure. Nikajua zimekuja sidiria za msaada.

Nilifika na futi yangu, nikakuta foleni ndefu. Nikaona nimsaidie nesi. Nikawapima wanawake tisa, nikiandika kwenye daftari. Wa tisa alikuwa mke wa afande wa polisi.

Nesi alipotoka, nikamwambia kwa fahari, “Huyu ni arobaini na mbili. Yake iwe na mikanda mipana.”

Nesi akanitazama. “Mama, sisi tunatafuta uvimbe wa saratani.”

Mke wa afande, mikono bado juu, akaniuliza polepole, “Sasa wewe ulikuwa unanishikashika kwa nini?”