Siku Omondi Alipoitwa Import

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, pale ukumbi wa michezo wa mtaa wa Northfield. Nilikuwa nimekaa kwa benchi na barafu juu ya goti, nikamwona mtu mzima akikimbilia begi yake kama mtoto aliyesikia kengele ya kwenda nyumbani. Angejua kilichokuwa kinamngoja, angetembea. Angejua vizuri zaidi, angeketi.

Usinicheke nikikuita mwanangu. Najua umri wangu haujafika wa kushika mkongojo. Lakini huku Birmingham mtu aliyemaliza baridi nyingi kama zangu ni mzee tayari, na hili goti langu la kushoto peke yake lina wajukuu. Shule niliishia darasa la nane, kwa hivyo ninachokupa hapa hakijatoka kwa kitabu. Nilikiona kwa macho, na mpaka leo sijaweza kukicheka, mimi ninayecheka hata matangani.

Huyo mtu aliyekuwa akikimbia ni shemeji yangu Ramil, Mfilipino, nesi, mume wa dada yangu Atieno. Sote tulimwita Kuya, ndiyo kusema kaka mkubwa kwa lugha yao. Wale watu hawamwiti mkubwa jina tupu, kama vile wewe huwezi kumwita babako Tom halafu ukapewa chakula. Hata mimi nilimwita Kuya, ingawa akisimama karibu yangu ananifikia kwapani.

Sasa, hao watu wana jambo moja sijawahi kulielewa. Mungu aliwanyima urefu akawapa mapenzi ya mpira wa kikapu. Kule kwao kila kichochoro kina pete imepigiliwa kwa mnazi ama kwa nguzo ya stima, watoto wanacheza na malapa, na maji ya mafuriko yakifika magotini bado wanacheza. Zamani babu zao waliwahi kuwa wa tatu duniani. Wa tatu, na ule ufupi. Halafu dunia ikarefuka, wao wakabaki pale pale, ikapita miaka na miaka hawaonekani kwenye Kombe la Dunia. Kuya alinisimulia ule ukame kama vile wazee wetu husimulia njaa. Waliporudi kwenye Kombe alilia kwa simu na ndugu zake, kila mtu na kilio chake, hakuna aliyesikia mwenzake. Na walipochukua dhahabu ya Asia baada ya zaidi ya nusu karne, alipika tambi za kulisha mtaa mzima, akanipa bakuli akiniambia, kula shemeji, leo sisi ni warefu.

Hiyo imani wanaibeba popote wanapoenda kutafuta riziki. Dubai, Hong Kong, Roma, na hapa. Wiki nzima wanageuza wagonjwa kitandani, Jumapili ni misa kisha kikapu. Ligi yao usiidharau. Jezi zina majina mgongoni. Siku ya ufunguzi kila timu inaongozwa na msichana mrembo mwenye utepe begani, na padri anabariki mipira. Na iko sheria moja: kila timu inaruhusiwa mtu mmoja wa nje, mrefu, wa kuwasaidia. Wanamwita import. Hiyo wameitoa kwa ligi yao ya nyumbani, ambako Mmarekani mrefu huletwa, akicheza vizuri anapendwa kama mfalme, na msimu ukiisha anasindikizwa uwanja wa ndege.

Import wa timu ya Kuya nilikuwa mimi. Jaluo wa Kisumu, mpira wa kikapu sijui hata unashikwa wapi, lakini walinichukua kama vile mtu hununua ngazi. Jina langu walilisahau wiki ya kwanza. Import, rudi nyuma. Import, ruka. Import, kuja ule. Sikujali, kwa sababu chakula kilikuwa kizuri na nilijua mlango wa kwetu uko wapi.

Omondi ni mtoto wa Kuya na Atieno. Alizaliwa hapa hapa, Kiswahili anasikia lakini anajibu Kizungu. Miguu aliitoa kwa wajomba, mikono aliitoa kwa baba. Kuya alimfundisha kila Jumapili tangu hajajua kufunga kamba za viatu, na alipofika miaka kumi na saba alikuwa anainama kwa kila mlango. Ndoto ya babake ilikuwa moja tu, na sisi wote tuliijua kama tunavyojua Baba Yetu: kumwona Omondi amevaa jezi ya taifa la Ufilipino. Yeye Kuya alikuwa mfupi mno hata kwa timu ya shule. Mwanawe angefika kule juu kwa niaba yake.

Jumapili hiyo alikuja mgeni kutoka Manila. Kazi yake ilikuwa kuzunguka dunia akitafuta watoto wa Wafilipino waliozaliwa nje, kwa maana kule nyumbani wamegundua urefu wao unazaliwa ng'ambo. Alikuwa ametoka Italia, akasikia habari za kijana wa Northfield. Akaketi mstari wa mbele, anatafuna chingamu, uso kama ukuta.

Omondi alicheza, mwanangu. Mimi nilitoka mapema na goti langu, nikashukuru, kwa sababu ningemharibia. Mpira ulikuwa unamfuata kama mbuzi anayemjua mwenye chumvi. Mgeni akaacha kutafuna. Mechi ilipoisha akashuka, akamshika Omondi mkono, akauangalia ule mkono mbele na nyuma. Na Omondi, kijana ambaye kutabasamu kwake ni lazima umwombe kwa barua, akatabasamu meno yote.

Ndipo mgeni akamgeukia Kuya. "Pasipoti yake ya Kifilipino anayo?"

Hapo ndipo Kuya alipokimbilia begi. Alirudi nayo ndani ya plastiki, haijawahi kuguswa na vumbi. Waliichukua mwaka uliotangulia, tukakata keki, nikavaa kofia ya karatasi. Mgeni akaifungua. Akaweka kidole gumba kwa tarehe ya kutolewa, kisha akaifunga na kumrudishia kwa mikono miwili, kama vile unavyompa mfiwa pole.

"Kuya," akasema polepole, "kwa nini hukuichukua mapema?"

Nikueleze, kwa sababu hata mimi siku hiyo sikuelewa. Wakubwa wa kikapu duniani wana sheria yao. Mtoto mwenye nchi mbili, akitaka kuchezea nchi ya babake kama mwenyeji, lazima awe na pasipoti ya huko kabla hajatimiza miaka kumi na sita. Akiipata baadaye, damu iwe ya nani, anahesabiwa mtu wa nje. Na mtu wa nje, timu ya taifa inaruhusiwa mmoja tu. Huyo mmoja walikuwa naye tayari, mtu mzima mwenye mabega ya kabati. Mgeni alisema kwa adabu zote kwamba Ufilipino wana import. Akamwomba Kuya msamaha, kana kwamba yeye mgeni ndiye aliyekosa.

Basi mwanangu, swali la kwa nini. Ubalozi wao hushuka kutoka London mara moja moja, wanafungua meza kwa ukumbi wa kanisa hapa Birmingham, watu wanapanga foleni na watoto wao. Omondi alikuwa na miaka kumi na minne walipokuja. Atieno alikuwa amempigia pasi shati la picha. Lakini siku hiyo hiyo ligi ilikuwa na fainali, na Kuya ndiye kocha. Akasema pasipoti si mkate, haiwezi kuchacha, na fainali ni leo. Tukaenda wote. Tukashinda. Omondi alitushangilia kutoka kwa viti mpaka sauti ikaisha. Baada ya hapo ikawa shifti juu ya shifti, tutaenda London mwezi ujao, mwezi ujao tukapewa shifti nyingine. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini hii haikuumiza tumbo la aliyengoja, iliumiza la mtoto.

Tulirudi nyumbani kwao. Atieno alikuwa jikoni, akatusoma nyuso kabla hatujavua viatu. Kuya akamwambia kwa maneno machache. Dada yangu akazima jiko. Hakupiga kelele, na Atieno namjua, kelele anazo. Alisema tu, "Wahenga walisema chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Kumbe walikuwa wanatusema sisi."

Mimi nami, kwa vile kimya huniwasha kama upupu, nikajaribu kuwachekesha. Nikamwambia Kuya asijali, yule import wao atazeeka, magoti ya import nayajua, Omondi achukue nafasi yake. Kuna ubaya gani, nikasema, mimi si import miaka yote hii na sijafa?

Kuya aliniangalia. Kiswahili chake alijifunza kwa Atieno, kimevunjikavunjika, lakini siku hiyo kilinikata vizuri.

"Shemeji, wewe import, lakini Kisumu wewe mtoto wa nyumba. Mtoto wangu nimefanya import kwa nyumba ya babu yake. Usicheke hapo."

Sikucheka hapo. Akapanda ngazi akishikilia ukuta.

Omondi akanisindikiza kwa kituo cha basi. Alitembea ameinama, kama mtu anayetaka kurudisha urefu alikoutoa. Tulikuwa tumeshaliona basi langu kwa mbali aliponiuliza kwa Kizungu chake, sauti ya chini, "Uncle, na Kenya? Kule mimi ni nani?"

Mwanangu, mimi nina majibu ya mzaha ya kujaza basi la ghorofa mbili. Nikaanza kutafuta nauli mfukoni. Kenya pia hatukuwa tumemwandikisha wala kumchukulia pasipoti. Sisi wajomba, wenye mdomo, tuliokuwa tukimwita Jaluo wetu kila Krismasi. Hakuna aliyempeleka. Nilipanda basi, nikakaa upande wa pili ili nisimwone akibaki amesimama.

Tangu siku hiyo mambo hayakurudi sawa, na sitakudanganya yatarudi. England nayo ina vijana warefu wake wa kutosha, haikumwita. Omondi akaacha mazoezi, akapata kazi ya kupanga maboksi kwenye ghala. Rafu za juu anafikia bila ngazi, wanamsifu sana. Msimu mpya ulipokaribia, kila mtu alitaja jina la kuwekwa mgongoni mwa jezi yake, na Kuya akafurahi kusikia mwanawe naye ametuma lake. Jezi zilipofika Kuya ndiye aliyezigawa. Akaita huyu, akaita yule. Akafikia moja ndefu kuliko zote, akaifungua. Mgongoni palikuwa pameandikwa Import. Kuya akaisoma, sisi wote tumesimama pale. Kisha akaikunja polepole, akailaza chini kabisa ya begi. Omondi hakuja siku hiyo, na hajakuja tena. Kuya bado huenda kila Jumapili. Timu ya kwao ikicheza anaitazama kwa simu, sauti ameizima.

Kwa hivyo sikiliza, wewe uliyefika juzi na unaniambia ati mambo ya watoto utayapanga ukitulia. Hutatulia. Huku hakuna kutulia. Mtoto mtafutie kwao akiwa bado hajui kutembea, hana faida kwa mtu yeyote, hakuna mgeni anayemwulizia. Ukingoja mpaka awe mrefu ndipo umwite wako, dunia itakuuliza ulikuwa wapi, na mtoto naye atasikia swali. Kama una nchi mbili mpe mbili. Mpeleke mwenyewe, siku ya kazi, siku ya fainali, siku ya harusi yako. Kikombe tulichoshinda siku ile sijui hata kilienda wapi. Na ukiona mwenzako ameanguka pabaya, kaa karibu naye unyamaze. Somo hili la mwisho lilinigharimu shemeji; bado tunaongea, lakini hajanichekea tena.

Omondi sina dawa yake. Ningekuwa nayo ningeanzia hapo, nisikuchoshe na maneno.

Mungu akuongoze na baridi hii, akupe mikono ya kufanya jambo siku yake. Na wanao, siku watakayobisha mlango wa babu zao, upande wa baba ama upande wa mama, wafunguliwe kabla hawajataja jina.