Kombeo Jeupe la Fortún

Watu wa bondeni husema nao wanajua kurusha jiwe. Waache waseme. Mtu aliyezaliwa Valdehoz, huku kwetu juu milimani Cameros, hushika kombeo kabla hajashika kijiko, na mimi ninayewasimulia niliwahi kung'oa mlango wa banda la jirani kwa jiwe moja, ingawa nilikuwa nimelenga kunguru. Lakini hata mimi nilikuwa nikinyamaza mbele ya Fortún, na wanaonijua wanajua kunyamaza kwangu ni jambo adimu.

Fortún alikuwa mchungaji wa kondoo wa kijiji kizima. Mwembamba, shingo ndefu, na uso wa mtu aliyekunywa siki akidhani ni mvinyo. Ufundi wake haukuwa kupiga. Ulikuwa kukosa. Msicheke. Kondoo wa malishoni hapigwi kwa jiwe, kondoo anaambiwa kwa jiwe. Likipita mbele ya sikio la kushoto, anageuka kulia. Likipita kulia, anageuka kushoto. Lipite karibu kwa upana wa kiganja, si zaidi. Likiwa mbali atakudharau, na likimgusa umemvunja taya, na wenye mali watakuvunja wewe.

Ndiyo maana kwetu, kila mwaka baada ya kukata sufu, mchungaji ambaye hajampiga hata kondoo mmoja hufungwa kichwani kombeo jeupe, lililosukwa kwa sufu ya kwanza ya mwaka ule. Anayempiga hulivua, likatundikwa kwenye msumari barazani kwa kanisa mpaka apatikane mwingine. Hakuna kujitetea, hakuna kusema upepo ulivuma. Fortún alikuwa amelivaa tangu ujana wake, mpaka paji la uso likawa na alama.

"Hata kitandani?" mkewe, Mencía, alikuwa akimwuliza.

"Likianguka chini litachafuka."

"Na wewe ukianguka chini hutachafuka? Nimelala na kombeo miaka yote hii. Siku moja litanizalia mtoto."

Kundi zima lilimfuata kondoo maksai mmoja, dume aliyehasiwa, mwenye kengele shingoni, aliyeitwa Askofu, kwa sababu alitembea polepole, tumbo mbele, na wote wakamfuata bila kuuliza. Padri alinuna mwanzoni, kisha naye akawa anamwita hivyohivyo. Ukimgeuza Askofu umegeuza kundi. Fortún alimlea kwa mkono tangu mama yake alipofia thelujini.

Basi, huko chini ndugu wawili wa baba mmoja walikuwa wanapigania ufalme, na kila mmoja alikodi askari wa nchi za mbali. Vita vilipotulia kidogo, askari hao hawakurudi makwao. Waliingia mabondeni kutafuta chakula kwa mikuki. Kijiji cha jirani walikizoa kondoo wote. Majira yale ya baridi watu wale walichemsha magome ya miti. Kwetu hatuna shamba la maana. Tuna kondoo. Wakienda kondoo, imekwenda sufu, imekwenda jibini, na sisi nyuma yake tumekwenda.

Bwana wa ngome akatuletea askari wake mmoja, Alvar, atufundishe kujilinda. Mtu mnene, sauti kubwa, mwenye kofia ya chuma iliyombana mpaka mashavu yakamwagika pembeni. Siku ya kwanza alitupanga bega kwa bega kama watawa wanaoimba. Tukamwambia kombeo linataka nafasi. Akasema vita vinataka mstari. Tukazungusha. Mimi nikapata jiwe la kisogo kutoka kwa mtu ambaye mpaka leo anakana, na Gutier, kaka yake Mencía, akapoteza kipande cha sikio. Baada ya hapo Alvar alikubali tutawanyike.

Wapanda farasi wachache wa askari wale wa kukodiwa wakaja kivukoni, mtoni kwetu, kutupima. Gutier, damu ikimtiririka shingoni, akamwangusha mmoja kwenye matope kwa jiwe la pili. Wote wakamgeukia Fortún, maana ndiye aliyekuwa fundi. Fortún akazungusha mara moja, kama kawaida yake, akaachia. Jiwe likapita mbele ya pua ya yule wa mbele. Farasi akageuka kulia. Akatupa la pili, likapita upande wa pili. Farasi akageuka kushoto.

"Shemeji," Gutier akamwita, "unawapiga au unawapeleka malishoni?"

Fortún akatia jiwe la tatu. Akamlenga yule mtu kifuani hasa, akakaza macho, akakaza meno. Likapita chini ya kwapa, kwa upana wa kiganja. Kwa la nne akalenga pembeni makusudi, ili mkono ukikosea upate. Mkono haukukosea. Ulipeleka jiwe palepale pembeni, sawasawa. Mpaka wapanda farasi wanaondoka, Fortún alikuwa amezungukwa na vicheko, na hakuwa amemgusa mtu, farasi, wala hata vumbi la kiatu.

"Huyu ndiye fundi wenu?" Alvar akauliza.

 Mimi nilijitolea kueleza habari za upana wa kiganja. Akaniambia nifunge mdomo.

Tangu siku ile, kila asubuhi, Alvar alimtoa Fortún malishoni, akampeleka uwanjani nyuma ya kanisa. Alikuwa amejaza majani makavu ndani ya ngozi ya kondoo, akaisimamisha juu ya nguzo, akaichorea macho kwa masizi. Akasimama nyuma ya Fortún na fimbo.

"Piga."

Jiwe likapita pembeni.

"Ni majani tu, wewe mtu."

"Yana macho, bwana."

"Nimeyachora mimi."

"Najua. Ndiyo maana yananitazama vibaya."

Fimbo ikatua mgongoni. Jiwe likapita pembeni. Fimbo. Jiwe. Wanawake waliokuwa wakifua kijitoni waliacha kufua. Kila siku ilikuwa hivyo, na kila jioni Fortún alirudi nyumbani bega likiwaka moto, akaketi mbele ya supu ya vitunguu saumu bila kuinywa.

"Mwambie hutaki," Mencía akamwambia.

"Wakija tena na mimi siwezi kupiga?"

"Gutier atapiga."

"Gutier, Gutier. Kaka yako anapiga kila anachokiona. Ndiyo maana hana kuku."

"Kunywa supu, mume wangu. Kuku wa Gutier hawakukukosea kitu."

Hakunywa. Alikuwa anajiona kama mtu aliyeambiwa, uzeeni, ajifunze kutembea upya, tena kwa mguu usiofaa. Kitu alichokijua kuliko watu wote milimani kimegeuka kasoro. Mkono wenyewe ukaanza kumkera. Aliutazama pale mezani kana kwamba ni wa mgeni asiyeaga.

Asubuhi moja mkono ukatii. Hakujua umefanyaje. Jiwe liliingia katikati ya macho mawili ya masizi, majani yakamwagika, na Alvar akarusha kofia yake ya chuma juu, akashindwa kuidaka. Jiwe la pili, palepale. La tatu pia. Gutier akapiga makofi. Fortún aliweka kombeo chini, akaenda nyuma ya ukuta wa kanisa, akatapika maziwa ya asubuhi.

"Furaha," Alvar akatuambia.

Fortún alikuwa bado nyuma ya ukuta tuliposikia kengele ya Askofu. Isingepaswa kusikika upande ule. Kundi lilikuwa zizini juu, tumemwachia Ordoño, mzee mwenye nyonga mbovu, na kengele ilikuwa inalia chini, njia ya darajani, tena haraka. Askofu hakuwahi kwenda haraka maishani mwake.

Walikuwa wamezunguka kupitia msituni, huku sisi wote tumejazana uwanjani kutazama mtu akipiga majani. Ordoño walikuwa wamemfunga kwenye mti na mshipi wake mwenyewe. Tulipofika ukingoni juu ya mto, tuliwaona: wapanda farasi nyuma ya kundi wakiwachoma kondoo matako kwa ncha za mikuki, na wenzao wawili wameshavuka daraja, wanawaita kutoka ng'ambo. Kondoo wote wa Valdehoz walikuwa pale. Daraja letu ni la mawe, upana wa mkokoteni mmoja, halina kingo. Wakishavuka, ng'ambo ni tambarare, na hakuna mtu wa miguu anayemfikia farasi tambarare.

Gutier alirusha kwanza. Akaua kondoo jike wa mama yake mzazi.

"Acha, Gutier," Fortún akasema. "Nitamgeuza Askofu."

Nasi tukashusha pumzi, maana hilo lilikuwa jambo dogo. Kabla tu ya daraja, upande wa kulia, kuna korongo linalopanda kurudi kijijini, jembamba, mawe matupu. Kondoo anapita, farasi hapiti. Jiwe moja mbele ya sikio la kushoto. Alikuwa ameshalitupa jiwe hilo mahali hapohapo kila majira ya vuli, akiwa anatafuna jibini.

Akachagua jiwe. Akazungusha mara moja. Askofu alikuwa ameshaweka ukwato wa kwanza darajani, tumbo mbele, kengele inalia. Fortún akaachia.

Jiwe likampiga katikati ya macho.

Alianguka pale pale mdomoni mwa daraja, kengele ikalia mara moja na kunyamaza. Fortún aliutazama mkono wake. Sisi tuliutazama pia.

Sasa, kondoo ni mnyama mwenye heshima zake. Aliyetangulia akilala, anayefuata anasimama. Wale wa mbele hawakukubali kumruka Askofu kwa lolote. Waliokuwa nyuma wakawasukuma wa mbele, wa mbele wakageuka, na kundi zima likajifunga fundo kati ya ukuta wa mlima na mto. Farasi wakazama ndani yake mpaka tumboni. Hawawezi mbele, hawawezi nyuma, na sisi juu yao na mawe ya kutosha kujengea kanisa jingine. Sitajisifu nilichofanya siku ile. Nitasema tu kwamba kuna mtu nchi za mbali asiye na meno ya mbele, na anajua ni kwa nini. Kwa muda mfupi tu wakaacha farasi, wakapita majini kwa miguu, wakapotea.

Alvar alimkumbatia Fortún mpaka chuma kikamkwaruza shavu.

"Umemwua kiongozi," akasema. "Sijaona jiwe kama lile. Nitamwambia bwana wa ngome. Umeokoa kijiji."

"Nilikosa," Fortún akasema.

"Umekosa nini? Katikati ya macho."

"Nilitaka kumkosa. Nikakosa kumkosa."

Alvar alitutazama, akitafuta nani atamtafsiria. 

Jioni ile watu walisimama barazani kwa kanisa. Fortún alikuwa ameshaanza kufungua fundo la kombeo jeupe, na fundo likamgomea kwa kuzoea kichwa. Mencía akamsaidia kwa meno.

"Mwachieni," Gutier akasema, na sauti yake kwa mara ya kwanza haikuwa na kejeli. "Kondoo wote wamerudi kwa sababu yake."

"Amempiga?" akauliza Ordoño, ambaye nyonga ilikuwa imezidi kumwuma kwa kufungwa mtini.

"Amempiga."

"Basi."

"Lakini mzee…"

"Nimeuliza amempiga au hakumpiga. Sikuuliza mengine."

Fortún mwenyewe ndiye aliyelitundika msumarini. Paji la uso lilibaki na mstari mweupe, kama la mtu aliyepasuliwa na kushonwa. Askofu aligawanywa nyumba kwa nyumba, na nyama yake ilikuwa ngumu kama cheo chake. Fortún hakula. Alvar alikula mara mbili, akaondoka kwenda ngome nyingine kufundisha wengine.

Siku hizi ukipita malishoni utamwona na maksai mpya, kijana mpumbavu anayekwenda kila upande. Fortún hatii jiwe kwenye kombeo. Anatia kinyesi kikavu cha ng'ombe, kisichovunja taya, mpaka mkono ukumbuke kukosa. Anazungusha mara moja, anaachia, na maksai anapigwa puani, anapiga chafya, anasimama kumtazama.

"Tena?" Mencía humwuliza, akimletea mkate.

"Tena," husema Fortún, akiinama kuokota kingine.