Kware wa Pipeline Apata wa Kumjibu

Nilifunga safari hii kwa sababu ya ndege mmoja aliyekuwa akiwaamsha wapangaji wa ghorofa nzima. Ni kware wa mjomba Wafula, mstaafu wa kiwandani, na tenga lake huning'inia kibarazani, mtaani Pipeline. Kwao magharibi, kware wa tenga hutundikwa mtini alfajiri aite wenzake wa nyikani. Wakija, wananaswa na vitanzi vilivyofichwa majanini. Juzi mkewe, Mama Neki, alichoka.

"Mpeleke akawinde. Rudi na kware wa mboga, ama urudi bila huyo mwimbaji wako."

Saa kumi na moja alfajiri tulipanda pikipiki, tenga likiwa mapajani mwangu. Tulipopita mtaa wa Komarock, mjomba alinionyesha maghorofa.

"Hapa palikuwa nyika. Mimi na marehemu babako tulijaza mfuko wa kware kabla ya zamu."

Naukumbuka mfuko huo. Mimi ndiye niliyenyonyoa, nikificha manyoya ya madoadoa ndani ya daftari la hesabu.

Mbele ya Ruai tulipata kiwanja chenye nyasi, katikati ya mawe ya mipaka. Mjomba alitega vitanzi, akasimamisha mti, akatundika tenga. Kware akaita. Kimya. Akaita tena, jua likachomoza.

Mara akajibiwa.

Mjomba alinishika mkono. Tulinyatia sauti ile hadi kwenye ua wa mabati. Ndani, mwanamke alikuwa akilisha vizimba vya kware.

"Karibuni. Mmefuata mayai?"

"Hawa ni wako, mama?"

"Ni wangu. Na huyo wa kelele kule ni wenu? Tangu aanze, wangu wamekataa kula."

Mjomba alicheka mpaka akaketi juu ya jiwe. Mwenyeji wetu alipopata kisa chote, naye akacheka.

"Si nikupe mmoja, mzee? Mama wa nyumbani atajuaje?"

"Atajua. Hawa wamenona. Wa nyikani hana mafuta."

Kule kiwanjani kware wetu aliita, na kizimba kizima kikamwitikia. Mjomba aliacha kucheka.

"Miaka minne anaita pale ghorofani," alisema. "Mama, utakuwa na nafasi ya mmoja?"

Akaenda kung'oa vitanzi, kimoja kimoja.

Njiani kurudi nilielewa kwamba uwindaji hauishi siku ndege wanapotoweka. Hubaki miaka mingi ndani ya tenga, ukiita.

Saa nne tulifika nyumbani. Mama Neki alichungulia tenga tupu, akasimuliwa kisa chote.

"Umemwambia huyo mama anapenda punje za wimbi?"