Kulungu wa Delmar

Arlys Fenske alikuwa amekamua ng'ombe tangu utotoni, amepika shuleni hadi akastaafu, amezaa, amezika. Uwindaji aliwaachia wanaume. Kila Novemba, Wisconsin nzima ikivaa rangi ya chungwa ya wawindaji na kuhamia msituni, yeye alibaki nyumbani akila raha ya ukimya, wala hakuona haya kusema hivyo. Kazi yake ilianza nyama ilipofika mezani.

Mapafu ya mumewe ndiyo yaliyomtoa nyumbani. Delmar alikuwa amevuta vumbi la nyasi kavu maisha yake yote ghalani, na vumbi halisahau. Sasa alitembea na mashine ya oksijeni begani, na jukwaa lake la kuwindia juu ya mti alilitazama tu kutoka chini. Wakanunua kibanda cha turubai cha kuvizia wanyama, kile kinachokunjwa mviringo kama ungo, ukikiachia kinafyatuka chenyewe. Arlys alipokijaribu sebuleni kilimrukia usoni kikaangusha taa. Delmar alicheka hadi pumzi ikamkatika, ikabidi waache kucheka.

Wote wawili walijua huo ndio msimu wake wa mwisho. Alitaka kulungu mmoja tu. Lakini siku zilikuwa kavu, na ndani ya kile kibanda mashine ilipuliza, pss, pss, na Delmar akakohoa, na kila kulungu wa kaunti ile akawasikia. Walirudi mikono mitupu, jioni baada ya jioni.

Siku ya mwisho ya msimu mvua ikanyesha. Majirani waliilaani mbingu. Delmar alikaa kitandani akisikiliza mvua juu ya paa, akitabasamu kama bwana harusi.

Alikuwa na haki ya kutabasamu. Mvua iligonga turubai kama bisi kwenye sufuria, na mashine haikusikika hata na wao wenyewe. Arlys alifungua mkate wa soseji ya ini.

"Umetia kitunguu?"

"Kidogo."

"Mama, harufu hiyo imeshafika Minnesota."

"Basi waje kulungu wa Minnesota. Wa hapa hawakutaki."

Alasiri akatokea dume mwenye pembe pana. Alipita mbele yao taratibu, akiwapa ubavu wa kushoto. Delmar akainua bunduki, kisha akaishusha.

"Mvua," alinong'ona. "Damu haitakaa. Akikimbia, nani atamfuata?"

Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba yao, tangu kwa baba yake: usimpige mnyama usiyeweza kumfuata. Kumwacha amejeruhiwa ilikuwa aibu kubwa kuliko kuiba. Arlys aliutazama uso wa mumewe, akaona jinsi anavyotaka na jinsi anavyojinyima.

"Piga, mzee. Nitamfuata mimi."

Delmar akamtazama kidogo. Akapiga.

Dume aliruka, akatimka kuelekea kinamasini. Arlys akatoka kumfuata. Aliona damu kwenye jani, mbele kidogo maji ya rangi ya waridi kwenye nyasi, halafu hakuona kitu. Alifika ukingoni mwa kinamasi, matope ndani ya buti, giza likianza kuingia. Nyuma yake akasikia kikohozi. Delmar alikuwa ametoka kibandani, anakuja, mti kwa mti, mrija wa hewa ukiburuzika matopeni.

Arlys akageuka, akamkimbilia.

"Nimempata," alisema. "Amelala kule ng'ambo. Verlyn atakuja kumvuta. Wewe rudi ndani, utakufa!"

Uongo ulimtoka kabla hajaufikiria. Baada ya hapo haukurudishika.

Verlyn alikuwa mdogo wake Delmar, na dume aliyempiga yeye mwenyewe alikuwa ananing'inia bandani kwake tangu Jumamosi.

"Shemeji, unanitania," alisema Arlys alipomwendea jioni ile. "Yule mtu anakumbuka kila tundu la risasi aliyopiga tangu yuko shule."

"Najua."

"Na bado unataka nimpelekee wa kwangu?"

"Asipomwona mnyama ataingia kinamasini, Verlyn. Leo hii hii. Hujamjua kaka yako?"

Verlyn alivua kofia, akaivaa tena. Kisha akaenda kuwasha gari.

Asubuhi Delmar alijikongoja hadi bandani kwake. Arlys na Verlyn walisimama mlangoni kama watoto waliovunja sahani. Mzee alipitisha kiganja ubavu wa kushoto wa yule mnyama, juu hadi chini. Manyoya yalikuwa mazima. Akazunguka taratibu, akaugusa ubavu wa kulia, na kidole kikasimama kwenye tundu.

"Mnyama mzuri," alisema. Akampiga mdogo wake begani. "Asanteni. Mmefanya kazi."

Arlys alijiambia kwamba macho ya mzee yamechoka. Krismasi Delmar alikula kipande kimoja cha soseji ya yule kulungu, akaisifia.

Mwishoni mwa Januari hakutoka tena kitandani. Jioni moja alimshika mkono mkewe.

"Theluji ikiyeyuka, uende upande wa kinamasi. Usiende na Verlyn, ana kelele."

"Nikaangalie nini?"

"Unajua, Mama."

Arlys akalia bila kujificha. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Mlihangaika vile." Akavuta pumzi, ikachelewa. "Nataka tu kujua kama aliteseka."

Alizikwa ardhi ikiwa bado ngumu kama chuma.

Aprili Arlys akaenda peke yake. Kibanda walichokiacha kilikuwa kimelaliwa na theluji, fito zimevunjika, turubai limeota ukungu; Delmar angemgombeza kwa hilo. Akashika njia ile ile hadi ukingoni, pale alipogeukia. Mbele yake kulikuwa na mti ulioanguka. Nyuma ya mti, karibu kiasi kwamba angenyoosha fimbo angemgusa, ilikuwa mifupa na zile pembe pana. Hakuwa hata ameingia majini. Ubavu mmoja wa kushoto, nyuma tu ya bega, ulikuwa umevunjika pale pale ambapo baba yake Delmar alimfundisha mwanawe kulenga.

Wakati yeye anageuka kusema uongo, kulungu alikuwa ameshakufa pale, mbele ya miguu yake. Angekwenda mbele kidogo tu, mzee angeugusa ubavu wa kulungu wake mwenyewe.

Manyunyu yalianza. Arlys, aliyekuwa ananong'ona Novemba nzima, aligeukia kule kwenye kibanda, akapaza sauti.

"Hakuteseka, Delmar! Ulimpiga vizuri!"

Akangoja, kwa mazoea, asikie kikohozi.