Baiskeli Iliyofukuza Mvua

Mwanamke akiendesha baiskeli msimu wa kupanda, mawingu hugeuka yakarudi Ziwani. Usicheke, ndugu yangu. Nilipokuwa na miaka tisa niliamini hivyo kwa moyo wangu wote na tumbo langu lote, na maelezo yake yalikuwa ya kitaalamu kabisa: gurudumu likizunguka chini, wingu nalo huzunguka juu, na kwa kuwa mvua yetu hutoka upande wa Ziwa, ikizungushwa vibaya inarudi kwao. Baiskeli ya mwanaume haikuwa na neno. Kwa nini, hatukuuliza. Tuliambiwa na wavulana wakubwa pale kwenye pampu ya maji, na wavulana wakubwa walijua kila kitu, mpaka idadi ya meno ya mamba.

Uvumi huo ulinirudia wiki iliyopita hapa Bariadi, karibu na stendi. Nilikuwa natoka kazini na baiskeli yangu, binti mmoja mwenye karatasi kwenye kibao akanisimamisha.

"Shikamoo, baba. Tunauliza waendesha baiskeli wanaionaje safari yao ya hapa mjini. Dakika tano tu."

Mimi nikiulizwa maoni hata dakika mia ninazo. Akanisomea: lami, kivuli, vumbi, mwendo wa magari, mahali pa kuegesha, kila kimoja nikipe alama, moja mpaka tano. Nikamwambia matuta ya mji huu yana kimo cha fahali aliyelala, mashimo mengine tunavua kambale, na bodaboda akikupigia honi mgongoni jino la mwisho linalegea. Binti akacheka mpaka kalamu ikamwanguka, akaandika mbili.

Nilikuwa bado nalitafutia vumbi alama, nikasikia kengele. Ilikwaruza mara mbili kwanza, kama mtu anayesafisha koo, ndipo ikalia mara moja, safi. Miaka zaidi ya thelathini sijaisikia kengele ile, na bado mikono yangu ilikuwa ya kwanza kuitambua. Ilikaza usukani.

Nikurudishe nyuma kidogo. Nililelewa na bibi yangu, kijiji cha upande wa Dutwa, nyumba iliyozungukwa na uzio wa minyaa uliotushinda urefu. Asubuhi ilianza na sauti ya bibi akipepeta karanga, halafu harufu ya matobolwa yakichemka, vile viazi vitamu vilivyokaushwa ambavyo ukivila na karanga unaweza kulima mpaka Mwanza na kurudi. Kazi yangu ilikuwa kufagia uwanja na kufungulia ndama. Bibi alikuwa amebakiwa na meno manne ambayo hayakuwa yakielewana, kwa hiyo furaha yake kubwa ilikuwa ugali wa mtama uliolowekwa kwenye maziwa. Sisi tulikuwa na ng'ombe mmoja tu mwenye maziwa, tena yakiisha kwa ndama. Maziwa ya bibi yalitoka kwa jirani.

Jirani yetu huyo alikuwa mwanamke aliyeuza maziwa mjini. Alikuwa na baiskeli nyeusi, nzito kama tela, madumu mawili yamefungwa kwenye keria kwa mipira, na kila alfajiri alikanyaga kwenda Bariadi. Mchana akirudi alisimama kwetu, akamimina yaliyobaki kwenye kibuyu cha bibi. Hakuwahi kudai kitu. "Mwadila, mayu," alimsalimu kwa Kisukuma, akimwita mama, na bibi akaitikia salamu huku mdomo umeshaanza kutafuna. Sisi watoto tuligombania kupiga kengele ile. Alituruhusu, mmoja mmoja, mara mbili mbili.

Basi mwaka mmoja mvua ikachelewa. Watu walikuwa wamekwishapanda pamba kwenye vumbi, wakaangalia juu mpaka shingo zikakauka. Kila jioni mawingu yalijikusanya upande wa Ziwa, yakatutishia, yakaondoka. Ndipo uvumi ule ulipozaliwa pale kwenye pampu, na wavulana wakubwa wakatutazama sisi wadogo, wakauliza: "Nani mwanaume hapa?"

Mwanaume nilikuwa mimi, kilo ishirini.

Nilikata miiba ya mgunga, mirefu kama sindano ya kushonea magunia. Alfajiri, nikaichomeka kwenye mchanga, ncha juu, pale njia ilipobanwa na uzio wetu na wa jirani wa pili. Nikajificha nyuma ya minyaa. Kengele ikakwaruza, ikalia. Halafu nikasikia pumzi ikitoka kwenye tairi la mbele, na la nyuma likafuata.

Alishuka. Akapiga magoti, akang'oa mwiba mmoja, wa pili, wa tatu, akawa anaiweka kiganjani kama mtu anayehesabu mbegu. Hakutukana wala hakuita mtu. Alitazama uzio wetu kwa muda, mimi nikajikunja mpaka nikawa mdogo kuliko kuku. Kisha akashika usukani, akaanza kuisukuma baiskeli na madumu yake kuelekea mjini kwa miguu, jua likichomoza mbele yake.

Na mchana huo, ndugu yangu, mvua ikanyesha.

Haikunyesha, ilimwagwa. Bibi alitoka na masufuria yote, mpaka kifuniko. Wavulana wakubwa walinibeba juujuu kwenye matope wakiimba jina langu, na kwa wiki nzima nilichota maji bila kupanga foleni. Mimi ndiye niliyeleta mvua. Sikulisema kama mzaha.

Tangu siku ile jirani hakupita tena njia yetu. Alizunguka kwa barabara kuu, mbali, na kengele tuliisikia kama kitu cha kijiji kingine. Kibuyu cha bibi kikakauka kikaanza kunuka moshi. Alikula ugali kwa mlenda, kisha kwa maji ya chumvi, akiuzungusha mdomoni muda mrefu. "Yule mayu wa maziwa," aliniuliza siku moja, "nimemkosea nini?" Nikamwambia sijui. Akauliza tena mwezi uliofuata, na uliofuata. Alifariki akiwa bado anafikiri ni yeye aliyekosea.

Miaka baadaye, nikiwa na ndevu na watoto watatu, nilirudi shule kwa masomo ya usiku. Kwenye mtihani wa jiografia tuliulizwa mvua inavyotokea. Nikaandika mvuke, upepo, baridi ya juu, mishale na michoro, mwalimu akanipa alama zote. Lakini moyoni nilibaki na kijisanduku changu kimefungwa: yote hayo ni kweli, ila ya mwaka ule niliileta mimi. Nilikihitaji. Bila mvua ile, mimi ningekuwa nimefanya nini?

Sasa kengele ile ilikuwa mbele yangu, na juu ya baiskeli jirani yetu yule, sasa mzee mwembamba, kitambaa kichwani, dumu moja dogo nyuma. Binti akamsimamisha pia, akamsomea orodha yake: lami, kivuli, vumbi.

"Hivyo vyote sawa tu," alisema yule mama. "Shimo unalikwepa. Andika watu. Safari inaharibiwa na watu."

"Watu hawamo kwenye karatasi, bibi."

"Basi karatasi yako haijawahi kupanda baiskeli."

Ningeweza kuondoka. Njia yetu ya zamani sasa ni mtaa wa fremu za maduka, minyaa imeng'olewa, zimesimama kuta za tofali. Nyumba ya bibi ni karakana ya kuchomelea milango. Pampu haipo, wavulana wakubwa wametawanyika, wawili wameshazikwa. Hakuna shahidi aliyebaki ila sisi wawili, na yeye hakuna aliyewahi kumuuliza. Lakini nilikumbuka mdomo wa bibi ukizungusha ule ugali mkavu.

"Shikamoo, mayu," nikasema. "Ile miiba ya kule kwenye minyaa, ule mwaka wa ukame. Niliiweka mimi."

Alinitazama kuanzia viatu mpaka kipara.

"Najua, ng'wanawane. Kisigino chako kilikuwa nje ya uzio."

"Kwa nini hukumwambia bibi?"

"Angekuchapa. Na nilikuwa na hasira, sikutaka hata kuiona nyumba. Hasira ilipoisha, nikasikia ameshazikwa."

Binti alikuwa ameacha kuandika. Uso wangu ulikuwa unawaka, na mtu akiungua hushika chochote kilicho karibu. Mimi nilishika mvua yangu.

"Nisamehe, mayu. Tuliambiwa baiskeli yako inafukuza mawingu," nikasema. "Na kweli, siku ileile uliposhuka ukatembea, si ilinyesha?"

Aliweka mguu kwenye pedeli.

"Pancha nilizibiwa asubuhi, nilipofika tu mjini," akasema. "Mvua ilinikuta njiani narudi, niko juu ya baiskeli, nakanyaga."