Miwani Niliyoiacha Atlabara

Sijui kama kazi nitaipata, lakini nyinyi chekeni tu. Mimi ni mwalimu mstaafu kutoka Nakuru, na nilikuja Juba kutafuta mkataba wa miezi mitatu wa kufundisha watu wazima Kiingereza. Nyumbani walinionya kwamba wazee hawachukuliwi. Basi siku ya somo la majaribio nilipaka nywele rangi nyeusi, na miwani ya kusomea nikaiacha chumbani kwangu, mtaa wa Atlabara.

Mkuu wa kituo, mama mmoja mpole, alikaa nyuma ya darasa. "Wafundishe ukurasa wa tisa, Mwalimu," akasema.

Nikafungua kitabu. Niliona weusi tu, kama siafu waliotawanyika. Nikakumbuka hadithi ya safari ya sokoni niliyoifundisha miaka yote, nikaitoa kwa kichwa, kidole kikifuata mistari nisiyoiona. Hata sauti nilibadilisha, mara ya mama, mara ya muuza kuku. Darasa likawa kimya kabisa, nami nikadhani nimewakamata.

Mzee mmoja wa mbele, kichwa kizima mvi, akainua mkono.

"Ustaz, samahani. Hapa kwangu naona ng'ombe tu. Maneno hakuna."

Kumbe ukurasa mzima ulikuwa mchoro wa fahali.

Mzee akavua miwani yake, akaipangusa kwa shati, akaniletea mezani.

"Chukua yangu," akasema. "Sisi hapa tuliomba tuletewe mwalimu mzee."